Chuo Nilichokifuta

Novemba mwaka juzi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha shangazi yangu kule Kayole, chapati zikigeuzwa, nikachukua kalamu nikapiga mstari juu ya jina la chuo. Karatasi ilikuwa ya binamu yangu. Alikuwa ameandika vyuo vinne vya Marekani alivyotaka kuomba nafasi, vyote vikiwa vile vinavyoitwa vyuo vya kihistoria vya watu weusi, au HBCU kwa kifupi. Vitatu vilikuwa na majina makubwa, ya kuandikwa kifuani kwenye hudi. Cha nne kilikuwa chuo kidogo cha kusini ambacho sikuwahi kukisikia. Yeye alikisikia kanisani, kutoka kwa mama mmoja aliyesomea huko zamani.

Nikatoa simu, nikafungua orodha ya vyuo bora, nikatelemka, nikatelemka tena. Kilikuwa chini kabisa, pale ambapo orodha haikupi hata namba kamili, inavirundika vyuo kwa kundi kama viatu vya mitumba.

"Hiki wachana nacho," nikamwambia. "Hiki ni cha wale wamekataliwa kwingine."

"Kwani wale wamekataliwa kwingine huenda wapi, bro?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Yaliyofuata ni mafupi. Chuo cha kwanza kilimkataa. Cha pili kikamweka kwenye orodha ya kungoja, akangoja mpaka Agosti. Cha tatu kikamkubali kwa barua tamu sana, halafu ukurasa wa pili ukataja karo ambayo kibanda cha chapati hakiwezi kuilipa hata moto usipozimwa miaka kumi. Kile nilichokifuta, nilikuja kugundua baadaye, kilikuwa na ufadhili wa wanafunzi wachache wa kigeni waliofanya vizuri hisabati. Binamu yangu ana A ya hisabati. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita zamani.

Sasa hivi anamsaidia mamake kibandani, na jioni anawafundisha watoto wa ploti hesabu kwa shilingi mia mia. Hajawahi kunilaumu. Hilo ndilo linaninyima usingizi, na ndilo lililonifanya nimalize bando nyingi nikisoma kuhusu hizi orodha na kile zinachowafanyia watu wanaobisha kwenye milango ya vyuo hivyo.

Wacha niseme mapema mimi ni nani, ndio usije ukanitilia shaka katikati. Kazi yangu ni kuandika chochote kinacholipa, na kila mwaka kuanzia Septemba kinacholipa ni kunyoosha insha za watoto wanaoomba vyuo vya nje. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili. Baba aliugua, mkopo wa HELB ukaenda kwa dawa na kodi ya nyumba, karo ikabaki, nikakosa mtihani mmoja, halafu wote. Kwa hivyo yule aliyeketi kibandani akiamua chuo kipi kinafaa na kipi hakifai ni mtu ambaye chuo chake mwenyewe hakikummaliza.

Orodha niliyoifungua siku ile ni ya U.S. News & World Report, maarufu kuliko zote. Ilianza mwaka 1983 kwa njia rahisi ajabu: jarida liliwauliza wakuu wa vyuo ni vyuo gani bora, likahesabu majibu, likachapisha. Basi. Baadaye wakaongeza takwimu za wanafunzi, walimu na fedha, lakini ile kura ya sifa haijaondoka. Kwenye orodha kuu ya kitaifa inabeba asilimia 20 ya alama. Mwaka 2007 wakaanzisha orodha ya pembeni, ya vyuo vya watu weusi tu. Humo nako wakuu wa vyuo hivyo wanapeana alama wenyewe kwa wenyewe. Spelman, chuo cha wanawake kule Atlanta, kimekaa namba moja kwa miaka mingi mfululizo, na Howard ya Washington haiko mbali nyuma yake.

Sasa fikiria hivi vyuo vilianzishwa kwa nini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 inavieleza kuwa ni vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964, na ambavyo kazi yake kuu ilikuwa na ingali ni kuwasomesha Wamarekani weusi. Viko karibu 100. Cha kwanza, ambacho leo kinaitwa Cheyney, ni cha 1837, na vingi vilizaliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakati watu waliokuwa wakiadhibiwa kwa kujua kusoma walipotoka utumwani wakitaka kitu kimoja kabla ya vingine vyote: kitabu. Hakuna aliyewauliza walipata alama gani. Wangezipata wapi?

Kuna miaka ninaipenda sana katika historia hii, na mmojawapo ni 1881. Mwaka huo Atlanta ilizaa vyuo viwili. Kimoja kilianza kwenye chumba cha chini cha kanisa la Friendship Baptist, wanafunzi 11, wengi wao wanawake waliokuwa watumwa, walimu wao wanawake wawili weupe kutoka kaskazini. Hicho ndicho Spelman. Familia ya Rockefeller iliingia mapema na pesa zake, na jina lenyewe la chuo limetoka ukoo wa mke wa Rockefeller. Cha pili kilianzishwa na kanisa la AME, yaani watu weusi wenyewe kwa sadaka zao wenyewe, kikaitwa Morris Brown. Hakikupata Rockefeller.

Mwaka mmoja, mji mmoja, watu walewale waliotoka shambani. Leo Spelman inakataa waombaji wengi kuliko inaowakubali, na Januari 2024 ilipokea zawadi ya dola milioni 100 kutoka kwa mume na mke mmoja. Morris Brown ilizama kwenye madeni na kashfa ya fedha za wanafunzi, ikapoteza ithibati mwishoni mwa 2002, ikaishi miaka 20 bila hiyo, wanafunzi wakapukutika wakabaki makumi, kabla ya kuirudisha mwaka 2022. Ukiangalia tu namba utasema moja ni bora na nyingine ni mbovu. Na utakuwa sahihi, kwa kiasi fulani. Lakini utakuwa umepima pia nani alipewa na nani alinyimwa, ukaviita vyote ubora.

Ukisoma historia ya pesa za vyuo hivi utaona nini namaanisha. Mwaka 1890 bunge la Marekani liliyaambia majimbo: ama muwakubali wanafunzi weusi kwenye vyuo vyenu vya kilimo na ufundi, ama muwajengee vyao. Majimbo ya kusini yakajenga vyao, kisha yakavisahau. Septemba 2023 mawaziri wawili wa serikali ya Biden, wa elimu na wa kilimo, waliandikia magavana wa majimbo 16 barua yenye hesabu: katika takriban miaka 30 tu, vyuo hivyo vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 ukivilinganisha na vyuo vya weupe vilivyoundwa kwa sheria ya kabla yake katika majimbo yaleyale. Tennessee State peke yake ilidai takriban bilioni 2.1. Maryland ilikuwa imeshtakiwa kwa miaka mingi kwa jinsi ilivyovitendea vyuo vyake vinne vya watu weusi, mpaka ikakubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 577.

Halafu orodha inakuja, inauliza: chuo hiki kinatumia pesa ngapi kwa kila mwanafunzi? Hicho ni mojawapo ya vipimo vyake. Yaani jimbo linakula chakula cha mtoto, halafu daktari anamwandikia mtoto kwamba ana kosa la kukonda.

Sasa mwanafunzi wa miaka 17 haoni hayo yote. Anaona namba. Namba ikiwa nzuri anaomba, na wenzake wanaomba, na chuo kikipata maombi mengi kwa nafasi zilezile kinaweza kuchagua. Kikichagua, kinachukua wenye alama za juu, ambao mara nyingi ndio wenye wazazi waliosoma. Hao wanamaliza, wanapata kazi, wanachangia chuo, na mfadhili mkubwa akitafuta mahali pa kuweka milioni zake anafungua orodha ileile. Kule chini mambo yanarudi kinyumenyume: maombi machache, karo chache, jengo linavuja, namba inashuka.

Miaka hii michache kizunguzungu hicho kimepata kasi. Baada ya George Floyd kuuawa mwaka 2020 vijana wengi weusi walitaka chuo ambacho hawatalazimika kueleza kwa nini wapo. Mwaka 2021 Kamala Harris, mhitimu wa Howard, akawa makamu wa rais. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikakataza vyuo kuzingatia rangi katika kudahili, ile kesi ya Harvard. Maombi yakamiminika, lakini hayakumiminika kila mahali sawasawa. Mafuriko yalienda kwenye vyuo vichache vya juu, na mahali kwingine hakukufika hata manyunyu. Mimi na kalamu yangu kule Kayole tulikuwa sehemu ya huo mkondo, ingawa sikujua.

Na hapa ndipo linapoanza swali lenyewe ninalotaka kuliuliza. Chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya waliokataliwa kikianza kusifiwa kwa jinsi kinavyokataa, je, kimepanda au kimehama?

Usinijibu haraka. Mimi mwenyewe nilijibu haraka mara mbili, kila mara tofauti.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba kimepanda, na nani hapendi kuona watu weusi wakiwa na mahali pao pa fahari? Kwa nini Harvard iwe na zaidi ya dola bilioni 50 kwenye mfuko wake na sisi tukione chuo cheusi chenye utaratibu na ushindani tuseme kimesaliti? Kuna dharau ya aina yake ndani ya kudai kwamba taasisi ya mtu mweusi ibaki maskini ndio iwe ya kweli. Februari 2025 Howard iliingia daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti Marekani, wanaloliita R1. Nilifurahi nikiwa kwa matatu, na sina hata rafiki aliyesoma huko.

Jibu la pili lilikuja nilipofika kwenye kipimo kingine cha orodha, kipimo ambacho kwa mtazamo wa kwanza kinaonekana cha haki kuliko vyote: ni wanafunzi wangapi kati ya walioingia wanamaliza. Kinahesabiwa kwa wale walioanza wakiwa wapya na wa kusoma siku zote, na wanapewa miaka sita. Ukimaliza mwaka wa saba, hukumaliza. Ukihamia chuo kingine ukamalizia huko, chuo chako cha kwanza kinaandikiwa kwamba kilikupoteza.

Nikasimama hapo. Kwa sababu huyo ni mimi. Katika hesabu ya chuo changu mimi ni ile asilimia inayoshusha. Hakuna mahali kwenye kipimo hicho pa kuandika kwamba baba aliugua.

Sasa kama wewe ndiye mkuu wa udahili na bosi wako anataka chuo kipande nafasi tano, utafanya nini? Unaweza kuajiri washauri, kutafuta pesa za dharura za wanafunzi, kurekebisha mabweni. Hiyo ni kazi ya miaka kumi na ni ghali. Ama unaweza kufanya jambo moja rahisi, lisilogharimu hata senti: usimchukue mtu kama mimi. Angalia fomu yake, mzazi mmoja mgonjwa, mapato hayaeleweki, shule isiyojulikana. Akili anazo, lakini ni hatari. Mwache aende kwingine.

Mwishoni mwa 2011 serikali ya Marekani ilikaza masharti ya mkopo ambao wazazi huchukua kuwalipia watoto karo. Ghafla maelfu ya wanafunzi wa vyuo vya watu weusi wakakosa pesa za muhula. Hawakuwa wamepungukiwa akili kati ya Mei na Septemba. Karatasi ilibadilika ofisini, wakarudi nyumbani, na kwenye takwimu za miaka iliyofuata wakaonekana kama kasoro ya vyuo vyao.

Hili jambo la kumwona mtoto kama hatari kwa wastani si la Marekani pekee, na labda ndio maana lilinichoma. Nilifanya KCPE mwaka 2013 katika shule moja ya kibinafsi hapa Eastlands. Tulipofika darasa la nane mwalimu mkuu aliwaita watoto kumi na wawili hivi, akawaambia watafanyia mtihani kwenye "kituo cha pili". Sare zilezile, karo ileile, walimu walewale, lakini majina yao yakasajiliwa chini ya shule nyingine ndio wasivute wastani chini. Aliyekuwa akiketi nami dawati moja alikuwa mmoja wao. Matokeo yalipotoka shule yetu ikafunga barabara na matarumbeta. Yeye alikuwa nyuma ya umati akipiga makofi, na mimi nilibebwa juujuu. Mwaka uliofuata waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa Kaimenyi, akapiga marufuku kupanga shule kwa nafasi. Wazazi wakaendelea kupanga kwa WhatsApp.

Lakini lazima nimtendee haki shangazi yangu. Akiuliza, "Hiyo shule ni namba ngapi?" hatafuti sifa za kutambia chama. Anauliza kama mtoto wake atarudi na kitu. Amewaona vijana wa mtaa waliouziwa vyuo hewa, waliolipa karo mpaka shamba likaisha halafu cheti kikawa karatasi ya kufungia nyama. Ukimwambia vyuo vyote ni sawa, kila mmoja ana uzuri wake, unamdanganya. Waliokuwa Morris Brown mwaka 2002 wanalijua hilo kuliko mimi. Mtu anayeleta akiba ya maisha ana haki ya kuuliza, na chuo kinachojiita cha huruma hakina haki ya kujibu kwa historia na nyimbo za kwaya. Kumpokea mtu halafu ukamwacha azame na deni, hiyo nayo si huruma.

Kwa hivyo siwezi kusema tufute namba. Nilijaribu kuandika insha hii kwa njia hiyo mwezi wa tatu na ikafa kwenye aya ya nne.

Kilichoifufua ni Xavier. Xavier University of Louisiana iko New Orleans, ina wanafunzi kama elfu tatu, ni chuo pekee kati ya hivi vya watu weusi ambacho ni cha Kikatoliki. Kwenye orodha kubwa hutakiona juu. Lakini kwa miaka mingi chuo hicho kidogo kimeongoza Marekani nzima kwa kutoa wahitimu weusi wanaoingia na kumaliza udaktari. Kinaongoza hata vyuo vyenye wanafunzi mara kumi zaidi na maabara za kifahari.

Na hawakufika hapo kwa kuwachuja watoto mlangoni. Wakati rais wa chuo alikuwa Norman Francis, aliyekaa kitini tangu 1968 hadi 2015, mwalimu wa kemia aitwaye J. W. Carmichael na wenzake walifanya jambo linalochosha hata kulisimulia. Walikaa chini wakakubaliana kila mwalimu wa somo la mwanzo afundishe mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Wakaandika vitabu vyao vya mazoezi. Wakaweka majaribio ya mara kwa mara, ili anayeanza kuteleza aonekane mapema kabla hajaanguka. Wakawapanga wanafunzi wasome kwa vikundi, na wakawaita wengine likizo kabla ya kuanza chuo wapigwe msasa. Watoto waliotoka shule duni za mji ule wakawa madaktari. Hakuna muujiza, ni usumbufu tu, kila wiki, mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikosea kibandani. Namba niliyokuwa nikiisoma ilinieleza zaidi wanafunzi walikuwa nani kabla hawajafika. Nilidhani inanieleza chuo kinafanya nini na watu. Hayo ni mambo mawili, na mtu maskini anahitaji lile la pili zaidi ya mtu yeyote.

Kuna waliojaribu kulipima. Mwaka 2017 kundi la wachumi, Raj Chetty akiwa mmoja wao, lilitoa hesabu za vyuo vya Marekani kwa kutumia rekodi za kodi. Waliangalia mambo mawili na kuyazidisha: chuo kinachukua watoto wangapi wa familia za chini kabisa, na wangapi kati ya hao wanafika juu. Ona hiyo hesabu ilivyo na adabu. Ukiwakataa maskini ndio waliobaki wang'are, alama yako inashuka. Ukiwapokea wote halafu usiwashughulikie, inashuka vilevile. Walipata pia kwamba vyuo 38, vikiwemo kadhaa vya majina makubwa kabisa, vilikuwa na watoto wengi wa ile asilimia 1 ya matajiri kuliko wa asilimia 60 ya chini wakiunganishwa. Hivyo ndivyo tunavyoviita bora, na tunavitamani kutoka Kayole.

U.S. News wenyewe wamekuwa wakijirekebisha. Mwaka 2018 waliacha kuhesabu kiwango cha kukataa waombaji, na 2023 wakaongeza uzito wa jinsi wanafunzi wa familia zisizo na uwezo wanavyomaliza. Ni sawa, tuwape pongezi zao. Lakini ile kura ya sifa bado ipo, na sifa haisahau. Tena hizi takwimu chuo hujipelekea chenyewe: mwaka 2022 Columbia ilianguka kutoka namba 2 hadi 18 baada ya profesa wake mwenyewe wa hisabati, Michael Thaddeus, kuonyesha kwamba hesabu zilizopelekwa hazikuwa za kweli. Mwaka huohuo aliyekuwa mkuu wa shule ya biashara ya Temple alihukumiwa kifungo cha miezi 14 kwa udanganyifu wa namna hiyo. Msomi mzima, jela, kwa sababu ya nafasi kwenye orodha. Kama wao wenye kila kitu walishindwa kujizuia, chuo kidogo chenye paa linalovuja kitajizuiaje kisimwogope mwanafunzi dhaifu?

Kuna Mkenya mmoja ninayemfikiria sana siku hizi. Mwaka 1927 Mbiyu Koinange alipanda meli kwenda Marekani, na chuo alichoanzia kilikuwa Hampton, Virginia, chuo cha watu weusi. Baadaye alifika hadi Columbia, hiyohiyo. Aliporudi, mwaka 1939 akaanzisha chuo cha walimu Githunguri, kwa michango ya watu, cha kupokea vijana ambao shule za serikali na za misheni hazikuwa na nafasi yao. Wakoloni walikifunga mwaka 1952. Sijui Githunguri ingekuwa namba ngapi. Ila najua ukipanga vyuo vya Kenya vya 1939 kwa maabara na bajeti, ingekuwa pale chini, kwenye rundo la viatu, na mtu kama mimi angepitisha kalamu.

Wiki tatu zilizopita nilienda kibandani kumwomba binamu yangu msamaha. Nilikuwa nimejipanga na maneno. Hakunipa nafasi, kulikuwa na wateja. Baadaye, akikuna unga kwenye vidole, akanieleza amemwandikia mwenyewe mkuu wa idara ya hisabati wa kile chuo kidogo. Aliuliza maswali matatu: darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi, anayefeli mtihani wa kwanza hufanyiwa nini, na mwanafunzi wa kigeni aliyeishiwa na pesa mwaka wa pili humwendea nani. Alijibiwa kwa siku mbili. Jibu la swali la tatu lilikuwa refu, na lilikuwa na jina la mtu na namba ya simu.

Mimi katika maisha yangu ya chuo sikuwahi kuwa na hiyo namba ya simu. Nilitaka kumwambia hivyo, nikanyamaza.

Shangazi akauliza kutoka kwa jiko, "Na hicho ni namba ngapi?"

"Mum, huko wanafunzi darasani ni ishirini na wawili," akajibu. Shangazi akatafakari kidogo, akageuza chapati.

Jana usiku insha yake imeingia kwenye simu yangu. Ukurasa mmoja na nusu. Juu ameandika: "Bro, angalia koma tu. Mengine usiguse."